Mtutu wa Kushoto

Mtoto waliyemwita King'ora alinyamaza siku ya Jumanne, na nyumba nzima ikashukuru.

Tusiwalaumu. Hata wewe ungeshukuru. Kwa miezi saba tangu azaliwe, mtoto yule alikuwa analia kama mtu aliyeajiriwa kulia na anatafuta kupandishwa cheo. Alilia kwa njaa, alilia kwa shibe, alilia akiona kofia. Jina alipewa na Mshonaji, jirani yao, ambaye kibanda chake kilitenganishwa na karakana yao kwa ukuta wa mbao tu. Mshonaji alisema siku moto ukizuka mtaani watu wataungua wote, maana gari la zimamoto likija watadhani ni mjukuu wa Fundi. Basi Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, kilio kilikatika katikati, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme, na hakikurudi.

"Naona sasa amepata akili," alisema mama yake, akimtazama alivyolala macho wazi juu ya mkeka.

"Hata honi huishiwa betri," alijibu Mshonaji kutoka upande wa pili wa mbao. "Msimguse. Msimwangalie hata. Mwacheni hivyo hivyo."

Fundi, babu yake mtoto, hakusema kitu. Siku hizo hakuwa mtu wa kusema kitu. Zamani alikuwa mcheshi wa kutosha. Kitambi chake mwenyewe alikiita mwanafunzi wake, kwa sababu kilitangulia mbele na hakikufanya kazi. Lakini miezi minane iliyopita mkewe alifariki, mwezi mmoja kabla mjukuu hajazaliwa, na tangu siku hiyo Fundi hakulia wala hakucheka. Watu walimsubiri alie kama wanavyosubiri mvua: siku za kwanza kwa hamu, kisha kwa wasiwasi, mwishowe wakaanika nguo zao na kuendelea na maisha. Binti yake alirudi nyumbani na mtoto, kwani mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Yeye ndiye aliyelia kwa niaba ya wote, kila siku, akiosha vyombo. Fundi alikula alichopewa, akalala alipotandikiwa, akaamka akafungua karakana.

Alitengeneza vitasa, makabati ya chuma, cherehani, na, kwa kibali kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu, bunduki za zamani.

Ile iliyokuwa imebanwa kwenye jiriwa yake Jumanne hiyo ililetwa wiki mbili kabla, imefungwa kwenye shuka kama maiti ya mtu mwembamba. Aliyeileta alikuwa Mwalimu, mama wa makamo aliyestaafu kufundisha lakini bado alitazama kila mtu kama mwanafunzi anayetafuna darasani.

"Hii ni bunduki au ufito wa kukorogea chokaa?" aliuliza Mshonaji, ambaye hakukosekana penye mgeni.

"Ilikuwa bunduki," alisema Mwalimu. "Ya marehemu baba. Tulivunja sakafu ya stoo tukaikuta imefukiwa. Fundi, inaweza kurudi ilivyokuwa?"

Fundi aliifunua. Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili iliyolala sambamba, ya enzi ambazo watu walichonga maua juu ya chuma. Kitako kilikuwa kimepasuka shingoni, nusu yake imeliwa na mchwa. Kutu ilikuwa imepanda kama magamba ya mti. Mtutu wa kushoto ulikuwa na bonde la kuingia kidole gumba, kama uliopigwa na nyundo kwa makusudi.

"Itachukua muda," alisema.

"Mimi nimestaafu. Muda ndio mali pekee niliyobaki nayo."

Wiki mbili alifanya kazi bila kuinua kichwa, na kazi ilimfaa, kwa sababu chuma hakimuulizi mtu anaendeleaje. Alilainisha skrubu kwa mafuta siku tatu ndipo zikakubali. Alichonga kipande kipya cha mti mgumu akakiunga na kitako cha zamani, mshipa kwa mshipa, hata ukipitisha ukucha usiujue mpaka. Kisha akafika kwenye lile bonde.

Bonde la mtutu halipigwi kwa nje. Unasukuma kipande cha chuma laini ndani mpaka kifike chini yake, unagonga taratibu, bonde linapanda lenyewe kama shavu la mtoto anayejaza pumzi. Lakini mtutu wa kushoto ulikuwa umezibwa. Mtutu wa kulia ulikuwa na udongo na kutu tu, kama inavyostahili. Wa kushoto ulikuwa umezibwa ncha zote mbili kwa nta ngumu nyeusi. Chini ya nta kitambaa, chini ya kitambaa nta tena. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejiuliza: nani anaziba mtutu mmoja tu, mbele na nyuma, halafu anazika bunduki chini ya saruji? Fundi alijiuliza atumie ufito gani. Ndivyo mafundi walivyo. Fundi mzuri hawezi kuvumilia uchafu hata mahali ambapo hakuna atakayeuona, na huo ndio ugonjwa wao.

Aliupasha mtutu kwa maji ya moto, akasukuma ufito wa shaba. Mzibo ulitoka kwa sauti ya mtu aliyekuwa amebana pumzi kwa muda mrefu. Ubaridi ukampita kifundo cha mkono. Ikafuata harufu, na harufu yenyewe haikuwa ya nta wala ya udongo: ilikuwa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, ingawa mle ndani hapakuwa na taa ya utambi, na nje jua lilikuwa likiwaka hadi mabati yanalia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa. Huko uani, King'ora akanyamaza.

Fundi aliinua uso kidogo. Kisha akachukua nyundo ndogo akaendelea na bonde lake.

*

Kuna jambo moja la kueleza kuhusu rangi ya bunduki za zamani. Ule weusi wake wa kibuluu si rangi ya kupaka. Ni kutu. Unaondoa kutu yote ya uhuni, halafu unaikaribisha kutu irudi kwa adabu: unaupaka mtutu dawa kali, unauning'iniza kwenye sanduku lenye unyevu, unauacha uote kutu laini kama vumbi la mdalasini, unauchemsha mpaka ile kutu iwe nyeusi, unausugua. Halafu unarudia, mara saba, mara nane. Na katika siku zote hizo ni haramu kuugusa kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya ngozi yakigusa chuma, pale kutu haioti. Alama ya kidole hubaki hapo kama muhuri.

Fundi alivaa glavu. Alikuwa amevaa glavu miaka thelathini.

Alhamisi asubuhi alifungua sanduku akakuta alama. Nne zimejipanga na moja ya gumba, zimekumbatia mtutu wa kushoto karibu na mdomo wake.

"Nani kashika mtutu wangu?" aliita.

"Mimi?" alijibu Mshonaji kupitia mbao. "Nishike kutu na gauni la bi harusi liko mezani? Unataka nikaolewe mimi badala yake?"

"Mwanangu?"

"Mimi siingiagi humo, Baba," alisema binti yake kutoka uani, kwa sauti iliyolala.

Fundi aliweka mkono wake juu ya zile alama, bila kugusa, alinganishe. Vidole vile vilikuwa virefu kuliko vyake kwa nusu nzima. Akasogeza miwani. Kila kidole kilikuwa na mikunjo mitatu, maana yake pingili nne, mahali ambapo mimi na wewe tuna tatu. Aliviangalia kwa muda, kama mtu anayesoma tangazo la kazi asiyoitaka. Kisha akasugua chuma chote akaanza upya.

Ijumaa alama zilikuwepo tena, zimesogea. Jumamosi zilikuwa zinatembea urefu mzima wa mtutu, mkono baada ya mkono, kama mtu anayetambaa kwenye bomba. Na sauti ikaanza: wakati wa mchana, watu wakiwa kimya baada ya kula, mtutu wa kushoto ulipulizwa kama unavyopuliza mdomo wa chupa, wuuu, wuuu, hali upepo haupo hata wa kutikisa uzi. Fundi alidhani ni mabati. Mshonaji alidhani ni Fundi.

Jumapili Mshonaji aliingia karakana akiwa amebeba gauni jeupe mikononi kama mtoto mchanga.

"Mzee mwenzangu, niazime koleo. Sindano imekwama."

"Imekwama wapi?"

Mshonaji akainua mkono, na gauni likainuka nao. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, na uzi juu yake, mishono sita au saba iliyonyooka vizuri, umekishona kidole kwenye kola ya bi harusi.

"Haikuumi?"

"Ajabu, haiumi hata kidogo," alisema Mshonaji, akitazama kwa udadisi. "Tatizo ni damu. Kitambaa cheupe hakina huruma. Naona uzee nao una raha zake."

Fundi akachukua koleo akaivuta sindano, ikatoka na sauti ndogo ya kusaga. Rafiki yake hakukunja hata uso. Alikuwa anapiga mluzi. Fundi alijua kwamba anapaswa kushtuka. Alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumapili.

Siku hiyo hiyo alasiri alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Alimkuta binti yake jikoni, amesimama, kiganja kimekaa juu ya sufuria iliyokuwa motoni bila kitu ndani, na macho yake yako dirishani.

"Mkono, mwanangu."

"Ah." Aliuondoa. Ngozi kidogo ilibaki kwenye sufuria. "Sikuona, Baba."

Akamwagia maji. Akarudi kuosha vyombo, na vyombo viligongana taratibu, na hapakuwa na kilio ndani yake. Fundi alifanya hesabu. Tangu Jumanne binti yake hakuwa amemlilia mama yake hata mara moja. Watu wa mtaa walikuwa wamesema, "Afadhali, sasa amepoa, muda ni dawa," kwa sababu nyumba yenye msiba ina faida hiyo kwa anayetaka kuingia kimya kimya: kila jambo baya ndani yake tayari lina maelezo.

Na huenda angeendelea kufanya hesabu mpaka mwaka uishe. Lakini Jumatatu, saa tano, binti yake alimletea mtoto amshike kidogo akatundike nguo, na Fundi akampokea mjukuu wake mapajani, akaona nepi ina doa jekundu pembeni, akafungua ili aone, na akaona kwamba pini ya nepi haikuwa imepita kwenye kitambaa peke yake bali imepita kwenye paja pia, imeingia na kutoka na kufungwa, na damu iliyoizunguka ilikuwa imekwisha kukauka na kuwa nyeusi, maana yake ilikuwa pale tangu asubuhi, tangu saa kumi na mbili, masaa matano ya pini ndani ya nyama, na mtoto yule aliyekuwa akilia kwa kuona kofia alikuwa amelala pale akitazama dari kwa utulivu, akinyonya kidole, na alipoichomoa pini mtoto akageuza macho akamtazama babu yake kama anavyotazamwa mpita njia.

"Ah, ilimchoma," alisema mama yake mlangoni, na beseni kiunoni. Akaenda kuanika nguo.

Fundi hakuogopa. Alitafuta woga ndani mwake hakuuona. Lakini fundi hahitaji kuogopa ili ajue kwamba kitu kimeharibika. Alimfunga mtoto kwenye shuka, akatoka naye barabarani bila kofia wala viatu.

*

Mkunga aliishi mtaa wa pili. Alikuwa amezalisha nusu ya watu waliompita wakimsalimu, na alikuwa na tabia ya kuwakumbusha walitoka na kichwa cha umbo gani. Alijulikana pia kwa mambo mengine, ambayo watu waliyataja kwa kushusha sauti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyu si yule niliyemshika, akaniziba sikio la kushoto kwa wiki nzima?" Akampiga mtoto kidole kwenye wayo. Akapiga tena, kwa nguvu. Uso wake ukabadilika. "Tangu lini?"

"Jumanne. Saa tisa."

"Na wewe umekuja leo?"

"Tulidhani amekua."

Mkunga alikuwa ameshavaa ndara zake. "Mtoto asiyelia, mwanangu, ataungua bila kusema, ataumwa tumbo bila kusema, na siku moja mtamkuta. Kilio ndicho kitasa chake. Nipeleke nyumbani kwako."

Njiani Fundi alimsimulia ya kidole cha Mshonaji na ya kiganja cha binti yake. Mkunga alipofika kwenye mlango wa karakana alisimama na kunusa. Utambi. Mtutu wa kushoto ukapulizwa mara moja, wuuu, taratibu, kama mtu anayeguna akiona mgeni asiyempenda.

"Mtutu huo ulikuwa umezibwa, sivyo?" alinong'ona.

"Kwa nta."

"Na wewe kwa usafi wako ukazibua." Alikaa kwenye kigoda kizingitini, mtoto mapajani. Sauti yake ikashuka mpaka Fundi akalazimika kuinama. "Majini wapo wa kila namna. Wapo wanaotaka marashi, wapo wanaotaka ngoma, tunawapa wanaondoka. Huyu anakula maumivu. Ya mwili, ya moyo, kwake ni sahani moja. Anaonja hapa, anaonja pale: kidole cha Mshonaji, kiganja cha binti, kilio cha mtoto. Lakini hayo ni makombo. Hakuja kwa hayo."

"Amekuja kwa nini?"

"Kwa ya kwako. Miezi minane umeyafungia ndani, hujatoa hata tone. Anakaa mlangoni pako anatafuna wengine huku akikungoja ufungue. Na hataondoka. Atamaliza hawa kwanza."

Fundi alimtazama mjukuu wake. Mtoto alikuwa akiangalia kitu kilichokuwa juu ya bega la babu, macho yakikifuata pole pole kutoka kushoto kwenda kulia.

"Arudi vipi?"

"Utaziba mdomo wa mtutu. Utaweka kinywa chako nyuma yake, na utamwambia humo. Ya mke wako. Yale hasa ambayo hujamwambia mtu. Atayafuata, kwa sababu hawezi kujizuia. Akishaingia, ziba. Walioonjwa tu, yao yataota tena kama ukucha. Lakini yatakayofungwa humo pamoja naye hayarudi." Akamshika mkono. "Elewa vizuri. Hatakuachia chochote."

"Bibi, mimi hata sasa sihisi kitu. Nitapoteza nini?"

"Mtu aliyejifungia ndani ya nyumba," alisema Mkunga, "si sawa na mtu asiye na nyumba."

Fundi aliinuka. Kisha akawasha jiko dogo, akaweka nta kwenye kopo.

*

Ilikuwa saa sita, jua utosini, hakuna hata kivuli cha kujificha. Binti na Mshonaji walikaa uani, wakitii tu kwa sababu wameambiwa. Mtutu ulilala mezani, kahawia mwanana, kutu ya raundi ya tano bado haijachemshwa. Fundi aliziba mdomo wa mbele kwa kitambaa na nta. Akapiga magoti, akaweka kinywa kwenye tundu la nyuma. Chuma kilikuwa baridi kama kisima.

"Anza," alisema Mkunga.

"Ilikuwa asubuhi," alisema Fundi. Sauti yake ilimrudia masikioni kutoka mbali. "Saa nne. Nilikuwa na kitasa cha kabati la mtu. Akaniita kutoka jikoni. 'Mzee, hebu njoo mara moja.' Nikasema nakuja."

Kwenye ncha ya mbali ya mtutu, alama ya kidole ikatokea juu ya kutu. Kisha ya pili.

"Usinyamaze," alinong'ona Mkunga.

"Nikasema nakuja, na nilikuwa nimebakiza skrubu moja, moja tu, na hiyo skrubu ilikuwa imelika kichwa, bisibisi inateleza, na mimi unanijua siwezi kuacha skrubu imekaa nusu, akaniita mara ya pili, 'Mzee,' safari hii polepole, nikafikiri ameona mwenyewe anachotaka, nikafurahi, nikaenda kwenye droo nikatafuta tupa ndogo, nikachonga kichwa cha skrubu upya, kikakaa vizuri sana, nikakaza, nikapangusa, nikarudisha bisibisi kwenye ubao wake na tupa kwenye droo yake, nikanawa mikono, Bibi, nilinawa mikono kwa sabuni, halafu nikaenda jikoni, na alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta na kijiko bado mkononi, macho yanatazama mlango, mlango ule ambao mimi ningepitia, na alikuwa bado na joto, alikuwa na joto kabisa, na tangu siku hiyo kila mtu ananiambia isingewezekana kufanya chochote, na mimi ndiye peke yangu ninayejua skrubu ile ilichukua dakika ngapi—"

Na yakaja. Miezi minane yote ilimpanda kifuani kwa pamoja, akalia ndani ya chuma kile sauti ambayo Mkunga, aliyesikia wanawake elfu wakizaa, hakuwahi kuisikia, na alama za vidole zikaja mbio juu ya mtutu, mkono baada ya mkono baada ya mkono, zaidi ya miwili, zaidi ya minne, mpaka kutu yote ikawa imekanyagwa na kung'aa, ubaridi ukampita usoni kama ulimi, ukaingia, na kitu kikaanza kumeza.

"Ziba!"

Alichota nta ya moto kwa vidole, akashindilia kitambaa, akamimina nta tena. Ndani ya mtutu pakagongwa mara moja. Kimya.

Halafu King'ora akalia.

Alilia hadi mapanya wakakimbia kwenye mabati. Uani binti yake alipiga yowe akishika kiganja, akaingia mbio akamnyakua mwanawe, akawa analia na kucheka na kumwita mama yake, yote kwa pumzi moja. "Kidole! Jamani kidole changu!" alipiga kelele Mshonaji. "Nani kanishona? Ooh mama yangu, nakufa, na gauni limeharibika!" Hapakuwahi kuwa na kelele nzuri kama zile katika mtaa ule.

Fundi alisimama katikati yao. Mkunga akamshika mkono akaugeuza: nta ya moto ilikuwa imeganda juu ya vidole, na chini yake ngozi ilikuwa imevimba malengelenge.

"Unasikia?"

Alijaribu. Alimfikiria mkewe jikoni. Akaona jiko, ukuta, kijiko. Akamtazama mjukuu wake. Alijua ni mjukuu wake.

"Hapana, Bibi."

Mkunga alipangusa macho kwa ncha ya khanga. "Basi kila jioni uikague mikono na miguu yako, kama dereva anavyokagua matairi. Na watoto ukiwashika, washike taratibu. Hutajua nguvu zako."

Binti yake alimkumbatia na mtoto katikati. Fundi aliinua mkono akaupiga piga mgongo wake, mara tatu, kwa kiasi alichokadiria kuwa sawa.

*

Mwalimu alikuja baada ya wiki mbili. Bunduki ilikuwa juu ya kitambaa, nyeusi ya kibuluu, maua yake yamefumbuka, kitako kinang'aa kama kahawa iliyokolea. Mwalimu aliyapitia maua yale kwa ncha ya kidole.

"Ni ya ukutani tu," alisema Fundi. "Upande wa kushoto nimeutoa mtambo wa kufyatulia, na mtutu nimeuziba. Usiuzibue. Wala wanao, wala wajukuu."

"Baba naye alisema hivyo hivyo kuhusu stoo. Msichimbe." Mwalimu alikaa. "Unajua, sijui hata kwa nini nimeitengenezesha. Nilimchukia yule mzee miaka arobaini na tano. Mdogo wangu alifariki kwa homa, ana miaka minne. Watu wote walilia. Baba akasimama pale kama mlingoti. Hakulia siku ile, hakulia maisha yake yote. Hakutukumbatia. Alikuwa anatupapasa tu, hivi, kama mtu anayepima godoro."

Fundi alisogeza kigoda chake karibu. "Kabla ya hapo alikuwaje?"

"Kabla alikuwa analia hata jirani akikata kitunguu."

"Na wewe, wakati ule. Uliwahi kuugua?"

Mwalimu akakunja uso. "Umejuaje? Muda mfupi baada ya msiba. Mama alisimulia kwamba nilitembea juu ya makaa nikicheka. Nina makovu mpaka leo. Walihangaika na mimi, halafu siku moja mchana, nikaanza kulia kwa uchungu, nikapona. Kwa nini?"

Fundi alimweleza ya baba yake; ya kwake mwenyewe hakuona haja ya kuyataja. Alieleza bila kupamba, kama anavyoeleza kasoro ya kitasa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake wa darasani ukaporomoka polepole, akalia kama mtoto wa miaka tisa aliyechelewa miaka arobaini na tano. Fundi alimpa kitambaa safi cha kupangusia chuma, akamngojea amalize.

Alipoinuka kuondoka aliibeba bunduki kifuani kwa mikono miwili. Mlangoni akasimama ghafla, akainamisha sikio.

"Fundi. Unasikia?"

Alisikia. Ilitoka upande wa kushoto, chini ya nta, ndogo kama sauti ya simu iliyofunikwa kwa mto: wanaume wawili wazima, wakilia.

"Mmoja ni Baba," alinong'ona Mwalimu. Machozi yalikuwa yakimshuka tena, lakini alikuwa anatabasamu, akiikumbatia bunduki zaidi. "Nisingemjua, sikuwahi kumsikia, lakini ni yeye. Huyu wa pili ni nani, anayelia kwa uchungu hivyo? Maskini wa Mungu."

Fundi alisikiliza kwa makini, kichwa upande, kama anavyosikiliza kitasa.

"Simfahamu," alisema.